Kikopo cha Kahawia

Mpapura,
3 Agosti 1975

Kwa Bwana Sherali Valimohamed, Mikindani.

Salaam nyingi. Nakuandikia ili uwe wa kwanza kupata habari: pumu nimeishinda. Jana alfajiri nimeadhini bila kukata, sauti ikavuka bonde, mbwa wakanyamaza, na Mwenyekiti Stefano, ambaye hata si Mwislamu, kaniambia nusura ainuke akatawadhe. Kifua changu sasa ni cha kijana anayekwenda kuposa.

Sasa najua umekwisha kuwasomea wateja hapo kaunta. Hapa chini soma peke yako.

Si kweli. Nilifika "Hayya alas-salaa" ya kwanza, kifua kikafunga kama duka lako mkaguzi wa bei akipita. Nikashika nguzo ya msikiti, mdomo wazi, hakitoki kitu. Waliokuwa njiani wakasimama, waliokuwa kitandani wakapata kisingizio. Aliyenimalizia ni Ismaili, mpwa wake Maalimu Rashidi, kijana ana sauti ya mbuzi aliyekanyagwa mguu. Baada ya sala Maalimu kanivuta pembeni, kanisemesha kwa upole, na upole wa imamu ndio ninaouogopa. Alisema mfungo unakuja, na watu hawawezi kufuturu kwa adhana nusu. Nikikwama tena, kazi atapewa Ismaili.

Wewe unanijua, Bwana Sherali. Tumekohoa pamoja miaka mingi, wewe ndani ya duka, mimi kibarazani kwenye cherehani, mpaka wateja wakasema tunajibizana. Tangu cherehani ife, tangu watutoe mashambani watupange huku kijijini kwa mstari kama vifungo vya shati, sina kitu ninachoweza kusema ni changu ila adhana ile. Mke ninaye, lakini Asha siku hizi ni mali ya wajukuu.

Vidonge vya zahanati nimemeza. Moyo unakimbia, kifua kinabaki palepale kikiutazama. Na sasa mikorosho imechanua, kila upepo unaleta vumbi la maua. Ninalala nimekaa, kama mlinzi wa ghala.

Nasikia mwanao Amirali hukutumia dawa za kuvuta kutoka Kanada. Nitafutie inayofaa.

Mimi fundi wako,
Salumu Liponda


Mikindani,
9 Agosti 1975

Fundi Salumu,

Barua yako niliwasomea wateja mpaka pale pa kuposa. Sehemu ya chini nilisoma peke yangu, yaani mimi na Shirinbai aliyekuwa nyuma ya bega langu. Anakusalimu na anasema pole.

Lukasi, dereva wa lori la ushirika, atakukabidhi kikopo kidogo cha rangi ya kahawia. Ndiyo dawa yenyewe. Ni mpya, hata hospitali ya mkoa hawana. Amirali kanitumia mimi, nami nakupa wewe kwa ajili ya miaka yetu. Mtu mwingine nisingempa.

Sikiliza namna ya kutumia, usije ukapulizia kunguni. Kitikise. Toa pumzi yote. Kitie mdomoni, bonyeza huku unavuta, kisha bana pumzi kadiri utakavyoweza, ndipo uachie. Ukibonyeza kabla ya kuvuta, utaupa dawa ulimi, na ulimi wako hauna ugonjwa, una tabia tu.

Usiniandikie shukrani ndefu.

Sherali Valimohamed


Mpapura,
20 Agosti 1975

Bwana Sherali,

Shukrani zangu hazitakuwa ndefu.

Kikopo kilifika salama. Nikakiweka chini ya mto, nikaisubiri pumu kama mtu aliyenunua rungu anavyomsubiri mwizi. Ikaja Jumanne wakati wa kupalilia shamba la kijiji, mbele ya watu. Nikakichomoa kifuani, nikafanya kila ulichosema. Nikavuta. Hola. Nikavuta tena. Nikavuta kama mtoto anayenyonya ziwa la bibi yake. Upepo mtupu, Bwana Sherali, upepo uliotoka Kanada kwa ndege kuja kupotelea mdomoni mwangu. Asha alinipepea kwa ungo mpaka jioni, na ungo ulinisaidia zaidi.

Mwenyekiti Stefano alikuwa anatazama. Akauliza kama kitu kilichokuja na lori la ushirika si mali ya kijiji, kingefaa kikae ghalani pamoja na majembe kila mwenye kifua akitumie kwa zamu. Nikamwambia akichukue, na akipata mtu kitakayemfaa aniite nimwone. Akanirudishia.

Nasi mfungo huo hapo, wiki chache tu. Niambie, kuna siri gani hukuniandikia? Au kilikaa juani kikafa?

Salumu Liponda


Mikindani,
26 Agosti 1975

Fundi Salumu,

Dawa haina kosa. Pengine unabonyeza kwa haraka kama unavyokanyaga cherehani. Au pengine inataka muda. Endelea nayo. Vitu vingine havionyeshi faida siku ya kwanza, muulize Shirinbai alivyoniona siku ya kwanza.

Umeuliza habari zangu? Hukuuliza, lakini nakwambia. Kifua changu hakijambo kabisa. Kazi tu ndizo nyingi.

Sherali


Mpapura,
2 Septemba 1975

Bwana Sherali,

Lukasi alikula kwangu juzi, na mtu akila kwangu hulipa kwa maneno.

Anasema mfuko wa shati lako una kikopo kingine, cha bluu. Anasema kifua kikikubana unajificha nyuma ya rafu ya sukari. Sukari haipo, lakini rafu ipo. Huko unavuta mara mbili, unatoka umenyooka kama askari wa gwaride. Papo hapo, asema Lukasi, kabla hajamaliza kuhesabu chenji.

Basi nimeelewa. Dawa zilikuja mbili. Moja inafungua kifua, nyingine ni upepo. Inayofungua imekaa mfukoni mwako, na upepo umepandishwa lori ukaletwa kwa fundi, umefungwa karatasi na maneno "kwa ajili ya miaka yetu."

Ungeniambia, "Salumu, hiki hakinifai, kakijaribu wewe," ningekijaribu na kukucheka. Sasa sijui nicheke wapi.

Sitaki cha bluu chako. Nataka tu uniambie ndiyo au siyo.

Salumu Liponda


Mikindani,
5 Septemba 1975

Fundi,

Cha bluu ni kimoja, na ni changu. Kila mtu ana kifua chake.

Usiniandikie tena habari za dawa.

S. Valimohamed


Mpapura,
8 Oktoba 1975

Kwa Bwana Sherali, Idi njema, wewe na nyumba yako.

Sikuandika mfungo mzima kwa sababu nilinuna. Kununa hakubatilishi saumu, nimeuliza.

Sasa kaa chini. Usiwasomee wateja, maana hii ni ya kweli kuanzia juu mpaka chini.

Siku ya mwezi kuandama nilimwendea Maalimu Rashidi nikamwuliza kama kile kikopo kinabatilisha saumu. Akafungua kitabu, akafunga, akafungua kingine. Mwisho akasema kitabuni hakimo, lakini kitu kinachopita kooni yeye hakiamini, kwa hiyo mchana nikiache, labda niwe taabani kabisa. Nikamwambia hapana neno, hata usiku hakinisaidii. Nikarudi nyumbani nikitaka kukitupa. Asha akakataa. Akasema kama mchana kimekatazwa, basi nitakivuta wakati wa daku, hata kama ni upepo, nisije nikamfia shambani watu wakasema mke wake hakumpa dawa.

Nikavuta daku ili anyamaze. Halafu, wewe unajua binadamu alivyo. Mtu akikatazwa kitu mchana kutwa, hata kama hakipendi, jua likizama atakitaka. Nilitia tende mdomoni, nikanywa uji, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kikopo. Ikawa hivyo kila siku, daku na futari, sikukosa. Mimi huyu, ambaye dawa huimeza pale tu ninapoumwa na kuitupa pale tu ninapopata nafuu. Sikuvuta kwa sababu naumwa. Nilivuta kwa sababu ni saa ya kuvuta, kama sala.

Siku za mwanzo hakuna kitu. Maalimu alishampa Ismaili adhana ya magharibi, nami nikabaki na ya adhuhuri ambayo watu wako mashambani, hata nikikwama wanaonisikia ni kuku.

Halafu usiku mmoja nilipigwa kofi. Nikaamka nikamkuta Asha ameniinamia, macho yamemtoka.

"Umelala chali," akasema. "Hukoromi, hupigi mluzi. Nilidhani umekufa."

Nililala chali, Bwana Sherali! Sijalala chali tangu wakoloni walipokuwa hapa. Nikakaa kitandani nikavuta hewa, ikaingia. Nikaitoa, ikatoka. Nikamwita Mungu kwa sauti ya chini kwanza, ili nisiharibu.

Kesho yake nikamwomba Maalimu adhana ya magharibi, moja tu. Nikaitoa yote. Watu walikaa na tende mikononi hawali, wanangoja nikwame. Sikukwama. Na takbira za Idi nimeongoza mimi, Ismaili ananiitikia.

Kwa hiyo kile si upepo. Sisi tulikuwa tunakiita wakati nyumba imeshaungua. Chenyewe ni cha kukaa nacho kila siku, pumu ikiwapo na isipokuwapo. Mwandikie Amirali akutumie kingine, uvute kama mfungaji, daku na futari, ingawa mfungo umekwisha.

Bado nimenuna kidogo, lakini pumzi ninayo.

Salumu Liponda, Muadhini


Mtwara,
12 Oktoba 1975

Ndugu yetu Fundi Salumu,

Naandika mimi, Shirinbai. Sherali amelazwa hospitali ya mkoa tangu siku ya tatu ya Idi. Kile kikopo cha bluu alikuwa akikivuta mchana kutwa, mwanzo kinamfungua, baadaye kinamfungua nusu, mwisho hakimfungui kabisa. Tulimleta juu ya mizigo ya korosho, Lukasi akiendesha na kulia.

Barua yako nilimsomea kitandani. Akageukia ukuta. Nilipomaliza akaniambia ukweli. Amirali alituma vikopo viwili akaandika kwamba hutumiwa vyote, cha kahawia kila siku, cha bluu anapobanwa. Sherali alivuta cha kahawia siku mbili, hakuona kitu, akasema mtoto anatupa pesa. Ulipoandika, akakufungia hicho. Aliona haya kukwambia, na ulipomgundua akaona haya zaidi, ikawa ukali. Unamjua.

Daktari kasema yaleyale uliyoandika wewe, bila mzaha. Sindano zimemfungua, anapumua, anaomba chai. Lakini bila dawa ya kila siku atarudi hapa, na kurudi kwake daktari hakupendi. Hapa hawana. Nimempelekea Amirali simu ya maandishi, kifurushi kitachukua wiki kadhaa.

Siombi kitu. Nakujulisha tu.

Shirinbai


Mpapura,
13 Oktoba 1975

Shemeji Shirinbai,

Lukasi anakukabidhi kikopo. Kina dawa, nimekitikisa sikioni. Kioshe mdomo wake kwa maji ya moto sana, kimekaa kwenye meno yangu manne na tumbaku ya miaka arobaini.

Avute asubuhi na jioni. Akishavuta asukutue, mimi nilikuwa nasukutua kwa kuwa ni lazima nitawadhe, na sijapata kidonda kinywani. Akisema hakioni kikimsaidia, mwambie ndivyo kinavyofanya. Akikataa, mpige kofi, kwetu lilisaidia.

Usinihofie mimi. Ninacho kingine, Maalimu Rashidi kanitafutia kwa jamaa zake waliovuka mpaka pale Kilambo.

Mwambie kununa kumekwisha.

Salumu


Mikindani,
4 Novemba 1975

Fundi Salumu,

Ninaandika nikiwa nyumbani. Leo nimelala chali. Shirinbai hakunipiga, lakini alinishika pua kuhakikisha.

Nilimuuliza Lukasi habari za Mpapura. Akasema korosho nyingi, katika kila uwanja zinabanguliwa, moshi wa maganda umetanda. Nikamuuliza adhana ikoje. Akatazama chini. Akasema wiki hii anaadhini mbuzi.

Kwa hiyo hapakuwa na kikopo cha Kilambo. Ulinipa kimoja ulichokuwa nacho, na moshi unakuja, na ulijua unakuja.

Mimi nilikupa kitu nilichodhani hakifai nikakiita zawadi. Wewe ulinipa kitu ulichojua kinafaa ukakiita cha ziada. Nimekaa dukani siku mbili nikitafuta namna ya kuliandika hilo vizuri zaidi, sikuipata. Nisamehe.

Kifurushi cha Amirali kimefika jana. Lukasi anakuletea vikopo viwili vya kahawia na kimoja cha bluu. Daktari amesisitiza: cha kahawia kila siku, hata ukijiona mzima. Cha bluu ukibanwa tu. Na ukiona unakihitaji cha bluu mara kwa mara, au hakikufungui, usingoje kama nilivyongoja mimi. Panda lori uje hospitali.

Safari hii sikuvifunga kwa maneno. Vimefungwa kwa gazeti.

Rafiki yako,
Sherali


Mpapura,
16 Novemba 1975

Bwana Sherali, rafiki yangu,

Gazeti nimelisoma lote, hata bei za katani. Vikopo vyote vimefika.

Nisikudanganye, kulikuwa kubaya. Nilipokupa kile, siku za kwanza nilikuwa mzima, nikajisifu moyoni kwamba labda nimepona jumla, na ukarimu ni bure. Halafu akina mama wakaanza kuchoma korosho kwenye mapipa, na mluzi ukarudi, kwanza usiku, kisha mchana, kisha nikarudi kulala nimekaa na Asha amekaa nami. Adhana nikampa Ismaili mwenyewe, kabla sijanyang'anywa. Siku Lukasi alipoleta furushi lako, Asha alilipokea njiani akakimbia nalo. Hujawahi kumwona Asha akikimbia. Hata mimi nilikuwa sijawahi, na nilimwoa akiwa na umri wa kukimbia.

Cha bluu kilinifungua papo hapo, kama alivyosema Lukasi. Nikakaa mlangoni nikalia kidogo, si kwa huzuni. Nilisahau kwamba hewa haina uzito. Cha kahawia nikakishika toka jioni ileile, asubuhi na jioni sijakosa, na cha bluu sasa kimelala kwenye mkoba wangu wa nyuzi, sijakigusa siku nyingi. Jana nimeadhini alfajiri. Sauti haikuvuka bonde, nisiseme uongo. Lakini nilifika mwisho, na nilipomaliza nilikuwa na pumzi ya kumtukana Ismaili, naye akacheka. Amefurahi kurudi kitandani. Kumbe kijana wa watu alikuwa anateseka kuamka.

Umeniomba msamaha. Nimeutia mfukoni. Lakini unanidai kusamehewa, nami nakudai kitu kidogo, nacho ni hiki.

Wakati sina kikopo, Maalimu Rashidi alinionea huruma. Alikaa usiku akiandika aya kwenye sahani kwa zafarani, akaliosha kombe hilo kwa maji, nikanywa. Siku tatu. Ya nne ndiyo Lukasi akaja na furushi, wala Maalimu hakuliona. Sasa mzee wa watu anatembea kijiji kizima akisema kombe lake ndilo lililofungua kifua cha muadhini. Kwa furaha hiyo kanirudishia adhana zote tano mbele ya mpwa wake mwenyewe. Tangu tuhamishiwe huku sijamwona akitembea amenyoosha mgongo namna hiyo. Nami sikusema kitu. Aliniombea kweli, na nani ajuaye ni dua ya nani iliyoharakisha lori.

Alhamisi anakuja Mikindani kununua mafuta ya taa, na amesema atapita dukani akuulize, kwa kuwa wewe ni mtu wa pumu na unajua. Atauliza ni kombe au si kombe.

Usiseme uongo, sikuombi hivyo. Tikisa kichwa tu. Miaka yote niliyokaa kibarazani kwako, kichwa chako kilikuwa kikitikisika pande zote kwa mara moja, na sikuwahi kujua ni ndiyo au ni siyo. Mwache Maalimu achague mwenyewe.

Ni mimi,
Salumu Liponda, Muadhini